Karatasi Mbili za Kila Jumapili

Iskandaria, mtaa wa Ibrahimia
14 Machi 1943, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima

Mdogo wangu Minas,

Barua hii ikukute mzima, wewe na mwanangu na kila aliyemo ndani ya hilo lichuma la meli mnaloliita Tilemahos. Mimi sijambo isipokuwa goti, na goti tumeshazoeana. Bado nashona mashati ya jeshi pale kiwandani, vifungo sita kila shati. Hata nikifumba macho naona vifungo. Bi Urania wa ghorofa ya chini anakusalimu, anasema ukija likizo usipande ngazi na yale mabuti yako, mara ya mwisho plasta ya dari ilimwangukia kwenye supu. Kutoka kisiwani kwetu Kasos hakuna neno jipya tangu ile karatasi ya Msalaba Mwekundu ya Septemba: mama yu hai, mbuzi wawili wamechukuliwa na askari wa Kiitaliano. Ndiyo hayo tu. Mbuzi nimewasamehe.

Leo nimepeleka mkate kanisani na karatasi zangu mbili. Padri Averkios husoma kwanza ile ya wazima: mama, Minas, Evdokia, Zannis. Kisha ile ya marehemu: baba, na mume wangu Pandelis, na vile vichanga vyangu viwili ambavyo havikufikisha mwaka. Zannis nimemweka mwisho wa wazima makusudi. Padri akishalitaja jina lake, napumua, najiambia wiki hii nayo imepita.

Sasa neno lenyewe, nisizunguke. Mwanangu ana miaka kumi na tisa na ndiye aliyebaki. Alipojiandikisha nilikusumbua mpaka ukamchukua kwenye meli yako, na Mungu atakulipa. Lakini ameniandikia kwamba wamemweka kwenye mizinga, juu, wazi. Minas, ndege zinapokuja zinatafuta mizinga kwanza, hilo hata mimi mshona vifungo nalijua. Wewe ndiye mkubwa wa boila kule chini kwenye mitambo, nahodha anakusikiliza. Mshushe chini akae nawe, chuma huku na chuma huku. Bi Urania naye kasema, "Huko chini nani atamwona, shoga yangu? Ni kama kumficha kabatini." Nifanyie hili, sitakuomba jingine.

Dada yako,
Evdokia


Baharini
5 Aprili 1943

Dada yangu Evdokia, nabusu mkono wako.

Barua yako imenifikia baada ya wiki mbili, na ilikuwa inanukia mdalasini. Afisa aliyenipa aliinusa kwanza akaniuliza kama keki iko ndani au imeliwa njiani. Sisi ni wazima. Hatukumbuki mara ya mwisho tulipolala kitandani palipotulia, lakini tuko wazima. Kazi yetu ni ileile, kusindikiza meli za shehena kama mbwa anayezunguka kondoo. Tilemahos si meli kubwa, na mawimbi yakija ya ubavuni inalala mpaka supu inakwenda kwa jirani. Waingereza waliijenga, sisi tumeibandika picha ya Mtakatifu Nikola juu ya boila, na tangu hapo inasikia Kigiriki.

Ulichoomba nimekifanya. Nilikwenda kwa nahodha, nikamwambia nahitaji mikono chini. Akanitazama. "Mikono ya nani, Minas?" Nikamwambia ya nani. Akasema, "Dada mtu ameandika?" Nikasema ameandika. Akatia sahihi.

Zannis hakufurahi. Siku ya kwanza akavua shati, jasho linamtiririka, akasema, "Mjomba, huku napikwa kama pweza." Nikamwambia, "Pweza hupigwa mwambani kwanza ndipo apikwe. Ngoja zamu yako." Wote wakacheka, naye akacheka, ingawa mdomo ulikuwa umepinda kama wa baba yake. Nimempa kikombe cha bati, nikapigilia ndoano ukutani karibu na saa ya kupimia mvuke, kiko hapo kinaning'inia. Huyo ndiye mwanao sasa, mtu wa boila.

Lala usingizi, dada.

Minas


Iskandaria
9 Mei 1943

Mdogo wangu,

Kristo amefufuka! Pasaka imepita bila mwanakondoo, tumekula supu ya maini ya kuku wa Bi Urania, yule jogoo mkorofi aliyekuwa akiwika saa tisa usiku. Mtaa mzima ulimwombea raha ya milele.

Alhamisi Kuu nimepaka mayai matatu rangi nyekundu, nimeyaweka mbele ya picha ya Mama wa Mungu, yakae hapo mwaka mzima kama desturi yetu. Moja la mama, moja lako, moja la Zannis. Kila asubuhi nayatazama kabla sijanawa uso. Bado mazima yote.

Tangu barua yako nimelala usiku nane mfululizo. Niliwahesabia wenzangu kiwandani wakanishangaa. Namwazia yuko chini, ndani ya joto, na wewe umesimama pembeni yake kama ulivyokuwa ukinisimamia mimi mbwa wa mzee Frangos alipokuwa akibweka. Ahsante, Minas. Ahsante, ahsante.

Evdokia


Baharini
28 Julai 1943

Dada mpenzi,

Usikasirike kwamba nimekawia. Tulipelekwa mahali pa mbali penye joto kutengenezewa mitambo, kisha tukaletwa upesi mahali pengine, na umeshasoma magazetini mwezi huu mahali hapo ni wapi. Meli zilikuwa nyingi hata bahari haikuonekana. Tilemahos ilifanya kazi yake. Tumeangusha ndege moja, wapiga mizinga wanasema mbili, na usiwaamini wapiga mizinga.

Kuna siku moja meli ya wenzetu iliyokuwa mbele yetu ilipigwa. Sikuambii ilikuwaje. Nilitumwa sitahani kusaidia kuvuta kamba za waliokuwa majini. Kila aliyepanda nilimuuliza swali moja tu, lilelile, mpaka bosi wa sitaha akanishika bega akasema, "Basi, Minas. Basi, ndugu yangu." Sikuambii swali lenyewe nalo. Nimeandika haya kwa kuwa mkono umeshaandika, nawe umenizoea.

Sisi ni wazima. Chakula kipo. Zannis anakula vya watu wawili, amekomaa mabega, na jua limemchoma hata ungempita barabarani usimjue. Jana alimwiga nahodha anavyopiga chafya, nahodha akiwa nyuma yake. Amepewa kumenya viazi siku tatu.

Mwombee kila mtu.

Minas


Iskandaria
22 Agosti 1943

Mdogo wangu Minas,

Mimi sijambo, goti nalo halijambo. Tarehe kumi na tano tulikwenda kanisani kwa sikukuu ya Mama wa Mungu, watu wakajaa mpaka barabarani. Padri Averkios amedhoofika, sauti haifiki nyuma, kwa hiyo sasa nasimama mbele kabisa na wanawake wananisema kwamba natafuta makuu. Wacha waseme. Nataka kusikia majina.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nina swali moja, na usinikasirikie dada yako. Umesema jua limemchoma Zannis. Huko chini kwenye boila kuna jua gani?

Yuko nawe bado? Niandikie tu: yuko nami. Maneno mawili.

Evdokia


Baharini
20 Septemba 1943

Dada,

Habari kubwa umezisikia: Waitaliano wameweka silaha chini. Ndani ya meli watu walibusiana, mpishi akafungua mikebe ya pichi aliyokuwa ameificha tangu Krismasi, kumbe alikuwa nayo kumi na mbili, mwizi yule. Tunaambiwa visiwa vyetu vitakuwa huru karibuni. Wazia, Evdokia, mama amekaa mlangoni, Tilemahos inaingia na bendera yetu. Nitapiga honi mpaka mbuzi waliobaki wapate wazimu.

Kuhusu jua: watu wote hupanda kupunga upepo, hata watu wa boila. Na usiniulize mambo ya kazi, mkaguzi wa barua huyakata.

Zannis anakusalimu sana.

Minas


Iskandaria
10 Oktoba 1943

Minas,

Barua yako haikukatwa hata mstari mmoja.

Sikuulizi tena. Ninawatumia kifurushi kwa mkono wa fundi wa redio wa meli yenu, aliyekuwa huku likizo: biskuti za ufuta zako, na sweta ya Zannis. Nimeifuma kwa sufu nene, kola ndefu ya kufunika masikio, maana upepo wa mwezi huu si wa mchezo.

Evdokia


Baharini
29 Oktoba 1943

Dada mpenzi,

Biskuti zimefika unga, tumezila kwa kijiko. Sweta imemtosha, ila mikono mirefu kidogo. Haivui.

Sasa hivi tunapita kwenye maji tunayoyajua mimi na wewe tangu utoto. Siwezi kusema zaidi. Lakini juzi asubuhi upepo ulitoka nchi kavu, nikapanda juu, nikanusa ule mmea mkavu wa mlimani ambao nyuki wetu waliupenda. Nilisimama nimeshika kamba kama mtu aliyelewa. Zannis hajawahi kufika kwetu, amezaliwa Misri, akaniuliza, "Mjomba, nini hiki kinanukia?" Nikamwambia, "Hicho ni bibi yako." Akacheka, akasema bibi ananukia vizuri. Kisha akaondoka kwenda mahali pake.

Tukirudi bandarini nina jambo la kukuambia. Si la kuandika. Uso kwa uso, nikiwa nimekaa na wewe umekaa.

Minas


Iskandaria
21 Novemba 1943, Jumapili

Mdogo wangu, ndugu yangu wa pekee,

Sijui kama barua hii itakukuta, lakini naandika. Salamu zote kutoka kwetu. Mama hatuna habari zake.

Jumatano alikuja mtu wa ofisi ya jeshi la maji, kijana mpole, kofia ameishika mkononi. Bi Urania alimwona kwenye ngazi akajua, akapanda nyuma yake bila viatu. Karatasi inasema Tilemahos iligonga bomu la kutega baharini tarehe 3 mwezi huu, karibu na visiwa, na kwamba baharia Zannis "hajulikani alipo." Nikamuuliza, "Hajulikani na nani?" Akasema, "Mama, ndivyo walivyoandika." Nikamuuliza kuhusu Minas mkubwa wa boila. Akatazama orodha, akasema hayumo. Akasema hayumo maana yake ni mzima.

Basi wewe ni mzima na yeye hajulikani, na mlikuwa chini pamoja. Nieleze, Minas. Inawezekanaje?

Mtaani kila mtu ana lake. Mmoja anasema waliookolewa walipelekwa Uturuki, wamelazwa hospitali, wana homa, hawajasema majina. Mwingine anasema alisikia redioni. Bi Urania amewafukuza wote kwa ufagio.

Leo nilikaa mezani kuandika karatasi zangu mbili. Ya wazima nikaandika mama, Minas, Evdokia, nikasita. Nikimwandika hapa naye amekufa, nani anamwombea huko aliko? Anasimama mlangoni jina lake halitajwi. Nikimwandika kule naye yu hai, nimemzika kwa mkono wangu. Nikampa Padri karatasi zikiwa hivyo. Alipomaliza ya wazima aliinua macho akanitafuta, maana ameshazoea jina la mwisho. Nikatikisa kichwa. Akaisoma ya marehemu, nayo haikuwa na jina hilo. Zannis wangu leo hakuwa popote.

Sikuombi uniambie ilivyokuwa. Niambie kitu kimoja tu, wewe uliyekuwepo: nimwandike wapi?

Evdokia


30 Novemba 1943

Dada,

Barua yako nimeipata. Mimi ni mzima. Sina majeraha.

Swali lako nitalijibu. Nipe siku chache.

M.


Iskandaria
3 Desemba 1943

Minas,

Hukuandika mahali uliko. Lakini barua yako imenifikia kwa siku mbili, na stempu yake ni ya posta ya hapa.

Ilinibidi niende kuona. Niliomba ruhusa kiwandani, nikapanda tramu mpaka mwisho, nikatembea hadi ukuta wa bandari ambako watu wamesimama siku tano sasa kuitazama Tilemahos. Nikaiona. Mungu nisamehe, kwanza nilidhani ni nusu ya meli nyingine inayovutwa. Haina omo. Pale mbele ambapo meli huwa na pua, wameziba kwa mbao na saruji kama mlango wa zizi. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa anawasimulia watu: "Imekuja yenyewe, polepole, kinyumenyume siku zingine ili bahari isizisukume mbao." Watu walikuwa wanapiga makofi. Mimi nilikuwa natafuta uso.

Nilikuona. Ulikuwa tezi, upande wa nyuma, umekaa juu ya pipa, na kofia ile yenye mafuta. Nilikuita mara tatu. Askari wa lango akaniambia, "Mama, kutoka hapa hasikii." Sijui kama hukusikia.

Uko nusu saa kwa tramu, ndugu yangu. Unaniandikia barua.

Jumapili ya wiki ijayo, tarehe 12, ni siku ya arobaini tangu tarehe 3. Kama ni wa kuhesabiwa arobaini. Lazima nijue kabla ya hapo kama niloweke ngano ya kumbukumbu ya marehemu.

Evdokia


Bandarini
6 Desemba 1943, siku ya Mtakatifu Nikola

Dada yangu Evdokia,

Nilisikia. Mara zote tatu.

Nimeanza barua hii mara nne, sasa naandika bila kurudi nyuma. Mwandike na marehemu. Usimwache kati. Hakuna Uturuki, hakuna hospitali. Nilipanda juu dakika ile ile na mahali palipokuwa na omo na mzinga wa mbele na watu saba, palikuwa na bahari. Tulizunguka mpaka nahodha akakatazwa kuzunguka, kwa kuwa mabomu mengine yalikuwepo. Padri wa meli amewaombea wote saba kwa majina. Zannis alisomwa wa mwisho, sijui kwa nini, nami nikakumbuka karatasi yako.

Sasa utasema: mzinga wa mbele? Si alikuwa chini nawe?

Hakuwa chini, dada. Tangu Julai hakuwa chini. Mimi ndiye niliyempandisha.

Ile meli ya wenzetu iliyopigwa Julai, lile swali nililowauliza waliopanda kamba, lilikuwa hili: "Watu wa boila wako wapi?" Nilimuuliza kila mmoja. Walikuwa wanageuza uso. Hakuna hata mmoja wa chini aliyetoka. Chini hakuna mlango ila ngazi moja, na mvuke unapopasuka ngazi haifiki. Wewe uliniomba nimfiche kabatini, na mimi nilijua tangu Machi kwamba kabati hilo halifunguki kwa ndani. Nilikutii ili ulale usingizi. Lakini siku ile nilirudi chini nikamkuta anapiga mluzi huku anafuta saa ya mvuke, nikaona kwamba nimemweka kaburini na kumpa kikombe. Nikaenda kwa nahodha. Safari hii hakuuliza chochote.

Nikakuficha. Nilijua ungeogopa ndege. Nikasema vita vikiisha nitakuambia, tutacheka.

Sikiliza sasa jambo ambalo siwezi kulibeba. Bomu lilichukua mbele tu. Boila zangu zote mbili hazikuguswa. Watu wangu wote kumi na mmoja wazima. Kikombe chake cha bati, alichokuwa akishuka kukinywea chai, kiko kwenye ndoano. Hakikuanguka hata, Evdokia. Kilitikisika tu. Mahali ulipotaka awe, pale pale ulipopachagua wewe ukiwa jikoni kwako bila kujua lolote kuhusu meli, angekuwa hai.

Wanatupigia makofi. Mabalozi wanakuja, wanapiga picha. Wanaandika kwamba meli imerudi bila pua kwa ushujaa wa watu wa mitambo. Nimekaa tezi ili nisione mbele.

Siwezi kupanda ngazi zako. Usiniandike popote, wala kwenye karatasi ya kwanza wala ya pili. Nimeshindwa kuwa mjomba.

Minas


Iskandaria
8 Desemba 1943

Minas mdogo wangu, mwana wa mama yangu,

Ngano nimeloweka.

Nimelia nikamaliza, nikaanza tena, sasa nimenawa uso nakuandikia. Bi Urania amekaa hapa ananipondea lozi kwa ajili ya sinia la ngano. Mimi namenya komamanga, ndiyo maana karatasi ina madoa, usidhani ni kitu kingine.

Na mimi nina la kuungama. Ulidhani wewe peke yako ndiye uliyeficha.

Mwanzoni mwa Agosti baharia mmoja wa meli yenu alikuja likizo akanigongea mlango. Akanipa barua ya Zannis, imekunjwa ndogo kama hirizi. Nakunakilia, ninayo mbele yangu: "Mama, nimemwomba mjomba mara tatu anipandishe juu, amekataa kwa ajili yako. Mara ya nne sikuomba. Nilimkuta amekaa nyuma ya boila analia, akaniambia nenda, panda, nenda kabla sijabadili nia. Sasa niko mzinga wa mbele. Mama, asubuhi pomboo wanakuja kucheza chini ya pua ya meli, niko karibu nao kuliko mtu yeyote melini. Usimwambie mjomba kwamba unajua. Akijua umejua atanirudisha chini, na mimi chini siwezi kupumua."

Hayo ndiyo aliyoandika. Kwa hiyo nilipokuuliza huko chini kuna jua gani, nilikuwa najua. Nilikuuliza mara mbili, Agosti na tena Novemba nilipoandika kwamba mlikuwa chini pamoja, kwa kuwa nilitaka uniambie mwenyewe, tuwe wawili wenye kujua. Na sweta ile ya kufunika masikio, Minas, hukujiuliza? Nani humfumia mtu wa boila sweta ya upepo?

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu tangu Agosti. Neno moja tu, "mrudishe chini," nawe ungemrudisha jioni ile ile, kama ulivyofanya Machi. Kila Jumapili nilikuwa naamka nikisema leo naliandika. Sikuliandika. Nilikuwa nasoma tena pale penye pomboo, nasema wiki moja zaidi, mwache aone. Basi aliyempandisha ni wewe, na aliyemwacha huko ni mimi, na yeye mwenyewe alikwisha kutangulia kabla yetu sote, kwa miguu yake, anacheka. Usijipe peke yako kilicho chetu watatu. Huo ni uchoyo, na wewe hukuwa mchoyo hata kwa biskuti.

Karatasi zangu nimeshaziandika, za Jumapili hii. Ya marehemu: baba, Pandelis, vichanga vyangu, Zannis. Herufi zinasomeka. Ya wazima: mama, Evdokia, Minas. Nimekuhamishia mwisho, pale alipokuwa yeye. Umesema nisikuandike. Hilo si lako kuamua, wanaoandika ni wanawake. Nitasimama mbele kabisa nisubiri Padri afike mwisho, na nataka uwe pembeni yangu ulisikie jina lako kwa masikio yako.

Na sinia la ngano hubebwa na mwanamume wa nyumba, toka mlangoni mpaka mbele ya altare. Nyumba hii haina mwingine. Mimi na goti langu hatutalifikisha.

Kwa hiyo Jumapili, saa moja asubuhi. Ushuke kituo cha Ibrahimia. Uje na kile kikombe cha bati, kiondoe kwenye ndoano, hakina kazi tena huko, nitakiweka mbele ya Mama wa Mungu penye yai lake.

Bi Urania anasema nikuandikie kwamba upande ngazi na mabuti yako, yale yale. Anasema ataamka mapema, atakaa chini ya dari, atasikiliza.

Dada yako,
Evdokia